Kijaluba cha Rangi za Maji Hapa Pwani: Kukitumia, Kukikausha, na Kukiokoa Kikiota Kuvu

Katikati ya masika binti wa jirani yangu alinifuata barazani, mkononi ana kijaluba cha rangi za maji ndani ya mfuko wa nailoni. Shangazi yake alimletea kutoka Muscat. Alikitumia mara moja tu, akachora mlango wa nyumba yao, akakifunga vizuri na kukihifadhi kabatini katikati ya nguo. Alipokifungua wiki tatu baadaye, vidau vyote 12 vilikuwa vimeota manyoya ya kijivu na harufu ilikuwa ya nguo iliyolala mbichi.

"Ami, ndiyo vishakufa?" akaniuliza.

Havikuwa vimekufa. Tulivihangaikia siku mbili, siku ya tatu akapaka tena, na rangi zilitoka vilevile. Tangu hapo wamenijia wengine watatu na shida ileile, ndiyo maana naandika. Ninaishi Unguja, nimepaka rangi za maji nje, barabarani na ufukweni, kwa miaka kumi na moja. Maelekezo yanayokuja na viboksi hivi yameandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu na baridi. Ukiyafuata hapa neno kwa neno, utapoteza rangi.

Tuelewane majina kwanza. Kijaluba ni kile kiboksi chenyewe cha kukunja, ambacho mfuniko wake ndio sahani ya kuchanganyia. Kidau ni kile kikopo kidogo chenye rangi moja, mfano wa kidau cha wino. Kidau nusu kina kama milimita 19 kwa 16, na kidau kizima ni karibu mara mbili yake.

Ujue pia rangi yenyewe ni nini, maana shida zote za mbele zinatoka hapo. Ni unga wa rangi uliosagwa na gundi ya mgunga, ile ambayo Sudan inauzia dunia, ikatiwa glisirini au asali ili isikauke ikawa jiwe. Vidau laini vya namna hii vilianza kuuzwa London na Winsor & Newton miaka ya 1830, na kwa wachoraji wa huko vilikuwa faraja kubwa, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wakisugua vitofali vikavu kwa nguvu ndipo wapate rangi. Sasa glisirini kazi yake ni kuvuta unyevu wa hewani. Penye hewa kavu unyevu ni mchache, inavuta kidogo. Hapa kwetu inavuta usiku kucha. Gundi ya mti, utamu kidogo, unyevu na giza la kijaluba kilichofungwa: kuvu haihitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Kununua

Chukua kijaluba cha bati chenye nafasi 12 za vidau nusu, ndani kimepakwa enameli nyeupe. Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba vidau viwe vinatoka. Viboksi ambavyo rangi imemiminwa moja kwa moja kwenye plastiki havisafishiki chini, na utaona kwenye hatua ya 6 kwa nini hilo ni kosa lisilo na dawa.

Viboksi vya rangi 36 au 48 sivipendi kabisa na simshauri mtu. Vingi vina chokaa nyingi na rangi chache, zinatoka kama maziwa juu ya karatasi, na hapa kwetu kila kidau usichokigusa ni shamba la kuvu. Bora ununue rangi nane za kueleweka na nafasi nne uziache wazi ili hewa ipite.

Zangu ni hizi, nazitaja kwa namba za pigimenti, yaani ule unga wa rangi, kwa sababu majina hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni: njano PY154, udongo wa njano PY43, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) PBr7, nyekundu PR254, waridi PV19, ultramarini (buluu nzito) PB29, buluu ya thalo PB15:3 na kijani cha thalo PG7. Udongo wa njano ni wa kuta zilizopakwa chokaa na mchanga. Waridi ni wa kanga na mabogenvilia. Buluu ya thalo ikizimuliwa na maji mengi inakupa bahari ya kina kifupi, ile ya kijani-buluu unayoiona maji yakianza kujaa. Kijani cha thalo peke yake ni kikali mno, hakuna jani la rangi ile duniani, lakini kikichanganywa na siena kinakuwa mikoko, minazi na miembe. Nyeusi sinunui. Ultramarini na siena zikikutana zinatoa kijivu cha kila namna, kuanzia wingu la masika hadi ukuta wa mawe ya matumbawe.

Kama kiboksi hakina namba hizo popote, kiache dukani. Ziko rangi, kwa mfano ile nyekundu ya zamani yenye namba PR83, zinazofifia zikikaa kwenye mwanga, na mwanga wetu hauna huruma. Kwa anayeanza, Cotman ya Winsor & Newton inatosha, namba zake zimeandikwa, na vidau vyake vinatoka.

Hatua ya 2: Kabla ya kulowesha chochote

Toa vidau vyote. Chini ya kila kimoja andika jina na namba kwa kalamu ya wino usiofutika. Rangi za thalo na ultramarini zikiwa kavu zote zinaonekana nyeusi, na siku ukizitoa kuziosha hutajua ipi ni ipi.

Sahani ya kuchanganyia isugue taratibu kwa dawa ya meno na kidole, kisha isuuze. Enameli mpya inayakusanya maji yakawa matone, hayatandi, na huwezi kuona rangi uliyochanganya. Palipochubuka bati likaonekana, pakae rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili. Hewa ya chumvi inakula bati hilo upesi, na kutu ikiingia kwenye njano imeiharibu moja kwa moja.

Hatua ya 3: Karatasi

Gramu 300 kwa mita ya mraba, na kama mfuko unaruhusu iwe ya pamba. Chini ya hapo inajikunja kama papadi.

Kuna jambo moja kuhusu karatasi ambalo watu wa pwani hawaambiwi. Karatasi ya rangi za maji hutiwa jelatini au wanga maalumu ili isinywe maji haraka, na rangi ibaki juu ing'ae. Ikikaa miezi kwenye unyevu, kinga hiyo inaoza bila karatasi kuonyesha dalili yoyote kwa macho. Siku unapaka anga, rangi inazama, inatoka madoa meusi meusi kama ndui, na wewe unadhani mkono wako umeharibika. Mimi nililaumu brashi zangu mwaka mzima. Kipimo ni rahisi: tone moja la maji safi kwenye kona. Likikaa juu kama umande kwa nusu dakika, karatasi ni nzima. Likinywewa papo hapo na pale pakawa peusi, karatasi hiyo ni ya kalamu tu.

Kwa hiyo usinunue rundo. Nunua daftari dogo, lifunge kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, liweke juu kabatini, mbali na ukuta wa nje. Kuta za mawe na chokaa za nyumba zetu zinapumua unyevu.

Hatua ya 4: Kupaka

Tia tone moja la maji kwenye kila kidau utakachotumia, subiri dakika mbili, rangi italainika yenyewe. Usichimbe kwa ncha ya brashi. Anza na rangi nyepesi, malizia na nzito. Vikombe vya maji viwe viwili, kimoja cha kuoshea brashi na kimoja cha kuchanganyia.

Nyeupe ya kanzu, ya tanga na ya povu la mawimbi ni karatasi yenyewe iliyoachwa, kwa hiyo amua kabla hujaanza zitakaa wapi. Ile gundi ya mpira ya kuzuia rangi isiingie mahali fulani naitumia ndani tu. Ukiiacha juani inashikamana na karatasi na kuondoka na ngozi yake.

Maji ya bahari usiyatumie hata kama umekaa hatua mbili kutoka ukingoni. Chumvi inabaki kwenye karatasi, inavuta unyevu, na mchoro hautakauka sawasawa tena. Visima vingi vya karibu na pwani navyo vina chumvi. Mimi hubeba chupa ya nusu lita ya maji ya kunywa, inanitosha asubuhi nzima.

Wakati wa kaskazi, upepo wa bandarini pale Malindi ya hapa Unguja unakausha anga kabla hujafika nusu ya karatasi. Lowesha karatasi nzima kwa maji safi kwanza, kaa upande wa kivuli, na uchanganye rangi nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, kwa sababu hutapata nafasi ya kuchanganya tena. Wakati wa masika ni kinyume chake: tabaka la kwanza linakaa bichi saa nzima. Hapo ninafanya michoro miwili kwa pamoja, moja ikikauka nashika nyingine. Kuharakisha kwa kuweka rangi juu ya tabaka bichi ndiko kunakozaa ile rangi ya tope ambayo wanafunzi wangu wote huileta mara ya kwanza.

Brashi zile zenye maji ndani ya mpini zinafaa ukiwa kwenye daladala au unachora haraka sokoni Darajani. Kwa mchoro kamili sizitaki: maji yanatoka yanavyotaka yenyewe. Brashi moja ya mviringo namba 8 yenye ncha kali inafanya kazi ya brashi tano.

Ukimaliza, vidau vilivyochafuliwa na rangi ya jirani vifute juu kwa brashi bichi au kipande cha tishu. Njano hasa.

Hatua ya 5: Kukausha kabla ya kufunga

Hii hatua ni fupi kuisema, na ndiyo iliyomponza yule binti: usifunge kijaluba kikiwa kibichi.

Ufukweni, nyonya maji yaliyosimama kwenye vidau na kwenye sahani kwa kipande cha kanga kuukuu, pamba iliyofuliwa mara nyingi inanyonya kuliko tishu. Ukilazimika kufunga ili utembee, funga, lakini ukifika nyumbani kifungue kabla hujavua viatu. Kiache wazi usiku kucha chini ya pangaboi, mahali mende na watoto hawafiki. Wakati wa kiangazi usiku mmoja unatosha. Wakati wa masika nakipa usiku mbili, na umeme ukikatika usiku huo sihesabu.

Usikianike juani. Rangi hukauka juu kwanza, ikanywea, ikapasuka na kuchomoka kwenye kidau. Kivuli na upepo vinatosha.

Utajuaje kimekauka? Gusa juu ya kidau kwa kidole kikavu. Rangi ikinata kidogo kama halua iliyolala, bado. Ikiwa imara kama sabuni ya mche, funga. Rangi zenye asali nyingi huwa hazifiki hapo kamwe katika hali yetu ya hewa, zinabaki laini mwaka mzima, na mimi nimewakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye nyekundu yangu. Ni rangi nzuri sana juu ya karatasi, sitabisha, ila kwa kijaluba cha kubeba hapa pwani siziweki tena.

Ndani ya kijaluba kikavu tia kifuko kimoja cha silika. Usiweke sponji bichi, usiweke brashi bichi. Na usikifunge kwenye nailoni eti kukilinda na vumbi. Mfuko wa kitambaa unatosha.

Hatua ya 6: Kuvu ikiota

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hatua hii ilinila mimi karibu mwaka mmoja na rangi za pesa nyingi.

Kwanza uhakikishe ni kuvu kweli. Ukiona ukungu mweupe mkavu, laini, usio na nywele, juu ya rangi ambayo haijaguswa siku nyingi, inaweza kuwa gundi au viungo vingine vilivyopanda juu. Ukigusa kwa brashi bichi unayeyuka na kutoweka. Kuvu ina nyuzi, au nukta za kijani, kijivu au nyeusi, na ina harufu. Ukiona nukta zinarudi palepale siku ya tatu, ni kuvu.

Mara ya kwanza iliponikuta nilifuta juu kwa kitambaa, nikaona rangi safi chini, nikafurahi, nikafunga. Baada ya wiki mbili ikarudi. Nikafuta tena. Ikarudi. Mara ya tatu nilimwuliza mtu mmoja aliyekuwa na uzoefu kuliko mimi, akaniambia nitie siki, kwamba siki inaua kuvu. Nikapaka siki kwenye vidau vyote kwa brashi. Kesho yake ultramarini yangu ilikuwa imefifia ikawa kijivu cha majivu, kidau kizima, na haikurudi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba pigimenti ya ultramarini haistahimili asidi, hata ya siki au ndimu. Inavunjika na buluu inakufa. Hakuna kosa la karatasi wala la maji hapo. Kwa hiyo siki na ndimu, hapana. Jiki nayo hapana, inachubua rangi nyingine na ikibaki kwenye kidau itakula mchoro wako.

Na kuvu yenyewe? Ilirudi mara ya nne, kwa sababu nilikuwa nasafisha mahali pasipo pake. Siku nilipovitoa vidau vyote nje kwa hasira ndipo nikaona: chini ya vidau, kwenye zile reli za bati zinazovishika, kulikuwa na utando mweusi. Kwenye kipande cha sponji nilichokiacha pembeni kulikuwa na mwingine. Kila nilipofuta juu, mbegu zilikuwa zinapanda kutoka chini. Basi fanya hivi, na kwa mpangilio huu.

Vaa barakoa na ukae nje au dirishani penye upepo. Mwenye pumu asiifanye kazi hii, ampe mtu mwingine. Kuvu kavu ikiguswa inarusha vumbi la mbegu ambalo huwezi kuliona. Kwa sababu hiyo hiyo anza kwa kuilowesha kidogo kwa ncha ya tishu bichi, usiikwangue ikiwa kavu.

Toa vidau vyote. Sponji na vitambaa vilivyokuwemo vitupe, usijaribu kuvifua. Kijaluba kitupu kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisugue kwenye reli na bawaba kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha, kisha kipanguse chote kwa spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70. Usitafute ya asilimia 95 ukidhani ni kali zaidi. Yenye maji kidogo inaingia ndani ya kuvu vizuri na haikimbii hewani upesi. Plastiki ya kung'aa ijaribu kwanza pembeni, baadhi hufifia kwa spiriti.

Sasa vidau, kimoja kimoja. Kwa tishu bichi ondoa tabaka la juu lote, karibu unene wa ukucha, hata pale ambapo huoni kuvu. Inauma kutupa rangi, najua, lakini nyuzi zimeshuka chini kuliko macho yanavyofika. Kila kipande cha tishu kitumie mara moja tu, ukifuta kidau cha pili kwa tishu ileile unapanda mbegu. Pangusa pia kuta na chini ya kidau. Kisha chovya pamba kwenye spiriti, ikamue, na upanguse uso wa rangi mara moja.

Mara moja, ikiwa imekamuliwa. Usiloweke kidau ndani ya spiriti. Gundi ya mgunga haiyeyuki kwenye spiriti, inaganda na kuwa kama utando mweupe, na rangi inakuwa ngumu kuamka. Kuna kidau changu cha siena niliwahi kukitumbukiza kikombeni robo saa kwa kutaka uhakika, na kilibaki kama kokoto.

Acha vidau wazi kivulini siku mbili, mbali na kijaluba. Siku ya tatu viangalie kwenye mwanga wa pembeni. Kimoja kikionyesha nukta, rudia hicho. Kikirudia mara ya tatu, kitupe, usikionee huruma kikaambukiza wenzake.

Vyote vikiwa safi ndipo inakuja karafuu. Watengenezaji wa rangi za mkono, tangu zamani na hata Ulaya, hutia mafuta ya karafuu kuzuia kuvu, na sisi mafuta hayo yanatoka Pemba hapo jirani. Ila mafuta hayachanganyiki na maji. Ukidondosha tone juu ya kidau linakaa kama doa la mafuta na brashi haitashika rangi. Njia yangu: tone moja la mafuta ya karafuu ndani ya mililita 10 za spiriti ileile ya asilimia 70, kwenye kichupa cha kioo, tikisa. Mafuta yanayeyuka kwenye spiriti. Kwa ncha ya brashi ya zamani pitisha unyevu mdogo tu juu ya kila kidau, na kwenye reli za kijaluba. Acha wazi usiku mmoja. Mimi narudia mwanzoni mwa masika na mwanzoni mwa vuli, mara mbili kwa mwaka, na miaka sita sasa kuvu haijarudi.

Tone moja lisizidi. Nimejaribu matatu, na rangi ikaanza kukimbiana na karatasi. Mafuta yenyewe yakiwa hayajazimuliwa yanawasha ngozi na macho, na yanalainisha baadhi ya plastiki, kwa hiyo kichupa kiwe cha kioo na kikae mbali na watoto. Na hayaui kuvu iliyokwisha ota. Anayepaka karafuu juu ya uchafu bila kusafisha chini atakuwa na kuvu yenye harufu nzuri.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii: angalia michoro uliyoipaka kwa rangi zilizokuwa na kuvu. Mbegu zimeingia kwenye karatasi. Itenge na mingine, ikae mahali pakavu penye hewa, isiwekwe kwenye fremu ya kioo mpaka mvua zipite.

Hatua ya 7: Kujaza vidau vilivyoisha

Nunua tyubu, ni nafuu kuliko vidau vipya. Ya mililita 5 inajaza vidau nusu viwili, na kidogo kinabaki. Usijaze kwa mkupuo mmoja. Jaza theluthi, koroga kwa kijiti cha meno ili kutoa mapovu, acha siku mbili au tatu kivulini, kisha theluthi nyingine. Ukijaza chote mara moja, juu patakauka na chini patabaki uji, na uji huo uliofungiwa ndiyo kuvu ya mwezi ujao. Wakati wa masika sijazi kabisa, nasubiri kiangazi.

Kabla ya kujaza, osha kidau mpaka kiwe cheupe. Rangi mpya juu ya mabaki ya zamani yenye kuvu ni kazi bure.

Rangi ikichomoka kwenye kidau kwa kukauka, tia tone la maji chini yake na uibonyeze irudi. Ikiwa imepasuka vipande, bado ni nzima, ilowe na uendelee.

Hatua ya 8: Brashi na safari

Brashi zioshe kwa sabuni ya mche, zirudishe ncha kwa vidole, zikauke zikiwa zimelala. Usizisimamishe kwenye kikombe zikiwa bichi, maji yanashuka kwenye mpini na gundi inaachia. Na usinyooshe ncha kwa mdomo. Najua fundi wengi wanafanya hivyo, ila ziko rangi zenye kadimiamu na kobalti, madini yenye sumu, na mdomo si mahali pake. Maji machafu usiyamwage kisimani wala karibu nacho.

Kwenye boti ya kwenda Dar es Salaam kijaluba kikae kwenye mkoba wa mkononi, kikavu, kikiwa kimekazwa kwa mpira. Ukifika tu, kifungue.

Yule binti juzi kaniletea mchoro wa ngalawa mbili maji yakiwa yamekupwa, ultramarini na siena kwenye matope, nyeupe ya tanga ameiacha ni karatasi. Nilimwuliza kijaluba kiko wapi. "Kiko wazi chini ya pangaboi, ami, tangu alasiri."